Fahamu: Daktari wa akili aliyeitwa kwenye vita vya Mau Mau

Majeshi mengi huajiri wanasaikolojia kutibu askari wao. J. C. Carothers alipewa kazi nyingine: kumchunguza adui.

Alifika Kenya 1929 kama tabibu wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1938 akakabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ilhali hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Akiwatazama wagonjwa wa pale, alidai kuwa Mwafrika hutumia kidogo sana sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Shirika la Afya Duniani lilichapisha hoja zake 1953.

Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilimwita aeleze Mau Mau, uasi wa hasa Wakikuyu dhidi ya utawala wa kikoloni. Katika ripoti yake, mashamba yao yaliyoporwa yalifunikwa na maelezo ya akili zilizovurugwa na mabadiliko, naye akaunga mkono kuwahamishia watu vijijini. Wakikuyu zaidi ya milioni moja walikusanywa kwa nguvu kwenye vijiji vyenye ulinzi.

Frantz Fanon, naye daktari wa akili, aliyewahi kuwa askari wa Ufaransa, alimjibu katika kitabu chake cha 1961. Yeye alikuwa ametibu wapiganaji wa uhuru na polisi watesaji nchini Algeria. Chanzo cha maradhi alikiona kwenye ukoloni wenyewe.