Fahamu: Msaada wa kodi ya nyumba Uingereza

Mpangaji wa kipato kidogo Uingereza, hata akipanga kwa mtu binafsi, kwa kawaida huomba msaada wa kodi kupitia Universal Credit, mfumo wa serikali wa kuwasaidia wenye kipato kidogo. Lakini serikali hailipi bila kikomo kodi utakayotozwa. Kwa anayepanga kwa mtu binafsi, kila eneo lina kikomo chake, kulingana na vyumba vya kulala ambavyo familia inastahili. Kikomo hicho kilipandishwa Aprili 2024, kisha kikagandishwa tena. Kodi, bila shaka, haikuganda. Pengo hulijaza mpangaji mwenyewe. Na asiye na mwenzi wala mtoto, akiwa chini ya miaka 35, kwa kawaida huhesabiwa chumba kimoja tu katika nyumba ya kuchangia.

Fedha mara nyingi huingia kwa mpangaji, na malipo ya kwanza husubiriwa kama wiki 5. Wenye nyumba hawapendi hilo. Baadhi waliwakataa waombaji wa msaada huu moja kwa moja, na mahakama ya York mwaka 2020 iliamua kuwa huo ni ubaguzi.

Wenzetu waliohamia huko watazame viza kwanza: nyingi zinakataza fedha za umma, na kuomba kunaweza kuharibu ombi lijalo la ukaazi.