Msimu wa Safari Katika Ukanda wa Dhahabu: Biashara ya Wageni Kutoka Buseresere Hadi Ziwa Victoria

Biashara ya safari za ndani katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga hushamiri kati ya Juni na mwanzoni mwa Oktoba. Ni miezi ya kiangazi: masika yamekatika, barabara za vumbi zinapitika, wakulima wameuza pamba, na maduara ya wachimbaji wadogo hayasumbuliwi sana na maji. Fedha ya shamba hukutana na fedha ya mgodi, ndiyo maana harusi, ngoma, maonesho na ziara za kutembelea jamaa hupangwa katika kipindi hicho. Mvua za vuli zikishika, watu hurudi shambani na biashara hupoa.

Buseresere ni mji mdogo wa Wilaya ya Chato, mkoani Geita. Majengo yake yameungana na yale ya Katoro, iliyo Wilaya ya Geita, na mgeni huweza kuvuka mpaka wa wilaya bila kujua. Miji hii miwili imekuzwa na soko na uchimbaji mdogo. Iko kwenye barabara itokayo Mwanza na Geita kwenda Bwanga, ambako njia hugawanyika: moja huelekea Chato na Bukoba, nyingine Biharamulo, na nyingine Uyovu wilayani Bukombe. Wanaolala katika gesti za hapa ni wanunuzi wa dhahabu, mafundi wa makarasha ya kusaga mawe, wachuuzi wa nafaka na mitumba, madereva na watumishi wa umma walio kikazi. Mtalii aliyekuja kwa starehe tupu ni nadra.

Hali hiyo inautofautisha ukanda huu na maeneo mashuhuri ya utalii nchini. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii 2,141,895 kutoka nje, lakini safari zao nyingi huishia Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Zanzibar. Kusini na magharibi mwa Ziwa Victoria, anayelipia kitanda, sahani ya wali na nauli ni Mtanzania, na aghalabu amefuata shughuli nyingine. Utalii wa eneo hili unajengwa juu ya safari ambazo tayari zipo: mtu aliyekuja kwa biashara hushawishiwa aongeze siku moja.

Maonesho na ngoma

Vichocheo vikubwa vya msimu ni mikusanyiko ya umma. Nane Nane huanza mapema Agosti. Wakulima wa Mwanza, Geita na Kagera hukutana katika viwanja vya Nyamhongolo jijini Mwanza, na wa Shinyanga, Simiyu na Mara huko Nyakabindi, Bariadi, uwanja uliowahi pia kubeba maonesho ya kitaifa. Baada ya hapo hufuata Maonesho ya Teknolojia ya Madini ya Geita, yanayofanyika kila mwaka tangu 2018, kati ya Septemba na Oktoba. Wauzaji wa mitambo, mabenki, taasisi za serikali na wachimbaji wadogo huweka mabanda kwa siku kumi hivi katika viwanja vya Bombambili. Mji wa Geita una vivutio viwili vya kibiashara vinavyoyapa maonesho uzito: Geita Gold Mining, kampuni tanzu ya AngloGold Ashanti ambayo mgodi wake ulianza uzalishaji mwaka 2000, na soko la madini lililofunguliwa Machi 2019.

Maonesho yanapofanyika, vyumba vya Geita hujaa na bei kupanda. Wasiopata nafasi husogea hadi miji ya jirani kando ya lami. Mapato hugawanyika kwa wengi: mwenye lodge, mamantilie, kijana wa bodaboda, mpiga picha, mkodishaji wa viti na mahema, mchapishaji wa fulana. Sherehe za kitaifa hufanya vivyo hivyo. Tarehe 14 Oktoba 2021 kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru kilifanyika Chato, na mwaka 2024 kikafanyika Mwanza. Udhaifu wa mapato ya namna hii ni kwamba sherehe ya kitaifa huhama mkoa kila mwaka. Aliyejenga vyumba kwa kutegemea wiki moja hubaki na deni la miezi kumi na moja.

Sherehe isiyohama ni Bulabo, inayofanyika kila mwaka huko Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Hufungamana na sikukuu ya Ekaristi ya Wakatoliki, kwa hiyo huangukia mwishoni mwa Mei au mwezi Juni, mavuno yanapokuwa yamekaribia kukamilika. Vikundi vya ngoma vya Kisukuma vya Bagika na Bagalu, vilivyotokana na ushindani wa waganga na wachezaji ngoma wa karne ya 19, hushindana kwa kucheza kwa wakati mmoja. Mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Kwa sababu hiyo kila kikundi hubuni vioja vipya: bayeye huja na nyoka, wachezaji wa bugobogobo hurusha majembe, wengine huleta vinyago vya mbao vinavyochezeshwa. Kwa mfanyabiashara, kanuni hiyo ina faida ya wazi, maana umati hukaa uwanjani kutwa nzima, na umati uliokaa hula na kunywa.

Sanaa na makumbusho

Bujora pia ndiko liliko Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoasisiwa na Padri David Clement, mmisionari wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Humo mna ngoma za watemi, viti vya enzi, vyombo vya kilimo na uhunzi, na nyumba ya mganga wa jadi. Jengo la hazina ya watemi limepewa umbo la kiti cha enzi. Wageni wake wakubwa ni wanafunzi, watafiti na vikundi vya makanisa. Ushanga, vibuyu na mikeka ya Kisukuma huuzwa zaidi minadani kwa matumizi ya nyumbani kuliko kwa wageni, na katika miji ya uchimbaji ni vigumu kukuta duka la kazi za mikono lililolenga msafiri.

Barabara, daraja na hifadhi

Safari yenye mandhari bora zaidi huanzia kwenye majabali ya Mwanza, hupita Usagara, Kigongo na Busisi, ikaingia Sengerema, ikapanda vilima vya Geita, kisha Katoro, Buseresere, Bwanga na Chato, kando ya ziwa. Kwa miaka mingi safari hiyo ilikatwa na kivuko cha Kigongo–Busisi, ambapo foleni iliweza kula saa mbili au zaidi. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Sasa gari huvuka kwa dakika chache.

Faida ya daraja haikumwangukia kila mtu sawasawa. Wasafirishaji wamepunguza muda, na wakazi wa Mwanza wanaweza kwenda Geita asubuhi na kurudi jioni. Lakini muuza samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma na soda aliyeishi kwa foleni ya kivuko amepoteza wateja, na aliyekuwa akilala Geita kwa kuhofia kivuko cha usiku halazimiki tena kulala. Barabara inapofupika, mji wa katikati hauna budi kutafuta sababu nyingine ya kumsimamisha msafiri.

Sababu hizo zipo. Chato kuna kaburi la Rais John Magufuli, aliyezikwa Machi 2021, ambalo huvuta wageni mwaka mzima. Wilaya hiyo ina pia uwanja wa ndege uliojengwa katika utawala wake. Upande wa ziwa, boti huvusha wageni kutoka Kasenda, karibu na Muganza, hadi Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977. Hifadhi ina eneo la kilomita za mraba 456, zaidi ya nusu ikiwa nchi kavu yenye msitu mnene. Kati ya 1966 na 1969 Shirika la Wanyamapori la Frankfurt liliachia humo sokwe 17 waliotoka Ulaya, na vizazi vyao sasa huishi porini. Wapo nzohe, viboko, mamba, tembo na twiga, na uvuvi wa ndoano kwa ajili ya mchezo unaruhusiwa kwa kibali. Magharibi zaidi ipo Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, yenye kilomita za mraba 4,707.

Kikwazo cha Rubondo kwa mgeni wa ndani ni maji. Mafuta ya boti hugharimu kilekile akipanda mmoja au wakipanda kumi, kwa hiyo safari humfaa mtu aliye katika kundi: darasa la shule, kwaya, kikoba, wafanyakazi wa ofisi moja. Anayeweza kukusanya makundi hayo ni wakala aliye Geita au Katoro, lakini mawakala wengi wa safari wako Mwanza na Arusha.

Chakula na vinywaji

Meza ya msafiri hubebwa na ziwa: sato wa kukaanga, mchemsho wa sangara, dagaa na ugali. Nanasi la Geita huuzwa barabarani msimu wake unapofika. Kwa vinywaji, baa hutegemea bia, na kampuni za TBL na Serengeti zote zina viwanda Mwanza. Mvinyo hutoka mbali, Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kinywaji cha kienyeji chenye jina kubwa ni rubisi ya Kagera, itengenezwayo kwa juisi ya ndizi iliyochachushwa na unga wa mtama. Huharibika haraka, kwa hiyo soko lake ni la karibu. Anayetaka kuiuza kwenye chupa hukabiliwa na gharama za usindikaji na alama ya ubora ya TBS.

Masharti na hatari

Sheria ya Utalii ya 2008 inataka hoteli na mawakala wa safari wawe na leseni ya utalii, juu ya leseni ya kawaida ya biashara, na halmashauri hutoza ushuru wa nyumba za kulala wageni. Kwa gesti ndogo, malipo haya huja pamoja na gharama za maji na jenereta umeme unapokatika.

Hatari kubwa zaidi ni magonjwa ya mlipuko. Kagera ilipata Marburg mwaka 2023, na ugonjwa huo ukazuka tena Biharamulo, jirani na Chato, Januari 2025, kabla ya kutangazwa kuisha tarehe 13 Machi mwaka huo. Mlipuko wa aina hiyo ukiangukia miezi ya maonesho na mikusanyiko ikazuiwa, wafanyabiashara wa ukanda huu watapoteza sehemu kubwa ya mapato ya mwaka mzima.