Chunusi Usoni, Jeraha Moyoni

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia ugonjwa ambao wengi wetu hatuuhesabu kuwa ugonjwa. Haumlazi mtu kitandani, na ni wazazi wachache wanaompeleka mtoto zahanati kwa ajili yake. Ugonjwa huo ni chunusi.

Tumchukue kwa mfano binti wa kidato cha pili. Zamani alikuwa wa kwanza kufika kwenye mazoezi ya kwaya. Siku hizi anakaa benchi la nyuma, ameinamisha kichwa. Akitumwa Mwaloni Kirumba kununua dagaa, anangoja hadi giza liingie. Siku ya kipaimara alikataa kupigwa picha. Nyumbani wanasema ameanza kiburi, kumbe anaona aibu.

Chunusi hutokana na nini?

Kijana anapobalehe, homoni huongezeka mwilini na kuziamsha tezi za mafuta zilizomo ndani ya ngozi. Mafuta hayo yakizidi na kuchanganyika na ngozi iliyokufa, huziba vitundu vinamotoka vinyweleo. Bakteria ambao kwa kawaida huishi kwenye ngozi huzaliana humo, na kipele huvimba, pengine kikatunga usaha. Inakadiriwa kwamba vijana 85 katika kila 100 wenye umri wa miaka 12 hadi 24 hupata chunusi, kidogo au nyingi. Mara nyingi hali hii hufuata ukoo.

Kwa hiyo tusiseme kwamba kijana ni mchafu. Akisugua uso kwa dodoki mara tano kwa siku, ataiumiza ngozi zaidi. Tusimnyime sangara tukidhani mafuta ya samaki ndiyo yanayomtoka usoni. Tena chunusi hazitokani na kukosa tendo la ndoa. Uvumi huu ni wa hatari, kwa maana wapo watu wazima wanaoutumia kuwahadaa mabinti kwa kuwaambia kwamba "zitaisha zenyewe".

Maumivu yasiyoonekana

Kijana wa umri huu anajitazama kwa macho ya wenzake. Shuleni wakimwita "fenesi", jina hilo linamfuata hadi kitandani. Hainui mkono darasani hata kama jibu analijua. Anajitenga, hapati usingizi, na masomo yanashuka. Kwa ngozi yetu nyeusi kuna mzigo wa pili: kipele kikishapona huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi.

Tusidhani hayo ni mambo madogo. Utafiti uliofanywa kwa vijana wa miaka 18 na 19 mjini Oslo, Norway, na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba wasichana wenye chunusi nyingi walikuwa na mawazo ya kujiua mara mbili zaidi kuliko wenzao wenye chunusi chache au wasio nazo. Kwa wavulana ilikuwa mara tatu zaidi.

Mtego wa mkorogo

Aibu hiyo ndiyo inayompeleka kijana kwa muuza mkorogo. Krimu nyingi za namna hiyo zina steroidi. Wiki za kwanza uso hulainika, naye hufurahi. Akiacha kupaka, chunusi hurudi kwa nguvu, na ngozi huwa imekwisha kuwa nyembamba. Nyingine zina haidrokwinoni au zebaki, ambazo zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania.

Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tunaijua zebaki kutokana na machimbo ya dhahabu ya Geita. Lakini katika miaka ya 1990 watafiti walipima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza, wakakuta hata baadhi ya watu wasiochimba dhahabu wana zebaki nyingi mno. Walishuku kwamba ilitokana na sabuni walizokuwa wakiogea. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu.

Mzazi afanye nini?

1. Usimtanie mtoto wala usiruhusu ndugu zake wamtanie, hata kwa nia njema. Muulize mkiwa wawili tu: "Mwanangu, hali hii inakusumbua kiasi gani?" Kisha msikilize.

2. Aoshe uso mara mbili kwa siku kwa maji safi na sabuni isiyo kali, bila kusugua. Asitumbue vipele, kwani ndivyo makovu yanavyopatikana. Aache kupaka usoni mafuta mazito ya mgando.

3. Ipo dawa ya kupaka iitwayo benzoili peroksaidi. Muulize mfamasia namna ya kuitumia. Aanze na kiasi kidogo, na ajihadhari na nguo, maana inachujua rangi. Matokeo huonekana baada ya wiki sita hadi nane, hivyo asikate tamaa mapema.

4. Vipele vikiwa vikubwa, vyenye maumivu au vyenye kuacha makovu, mpeleke kituo cha afya, naye aweza kupewa rufaa kwenda Sekou Toure au Bugando. Tangu mwaka 1992 kipo kituo pale KCMC, Moshi, kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi. Asiazime vidonge vya mwenzake, kwa sababu baadhi ya dawa za chunusi humdhuru mtoto aliye tumboni.

5. Akisema kwamba amechoka kuishi, usimkemee wala usidhani anadeka. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Walimu nao, pamoja na walezi wa vijana na viongozi wa kwaya, wanaweza kusaidia kwa kukomesha majina ya dhihaka.

Wazazi wapendwa, kwa vijana wengi chunusi hupungua umri unapoendelea. Maneno aliyoambiwa nyumbani wakati huo hayafutiki upesi hivyo. Leo jioni, kabla ya kumwuliza binti yako kwa nini haendi kwaya, mwite akae karibu nawe, umtazame usoni kwa upendo. Huenda ni muda mrefu tangu mtu amtazame hivyo.