Pampu ya Akiba Katika Ndege Ndogo

Sisi wa Mhunze tuna jirani uwanja wa ndege wa Mwadui. Je, ndege ndogo ya pistoni hupataje mafuta? Cessna 172 za zamani zina mabawa juu, hivyo petroli hushuka yenyewe hadi kwenye injini. Piper Cherokee ina mabawa chini, kwa hiyo petroli lazima ivutwe. Kazi hiyo hufanywa na pampu inayozungushwa na injini. Ya umeme ni akiba. Rubani huiwasha wakati wa kupaa na kutua, kwani injini ikizimika karibu na ardhi, nafasi ya kujiokoa ni ndogo. Akishafika juu huizima, huku akitazama geji ya presha. Basi tumfunge ngamia kwanza, kisha tutawakali kwa Allah.