Ufuatiliaji wa Vimelea katika Mazingira ya Viwanda vya Chakula kama Kipimo cha Maendeleo ya Usafi: Mafunzo kutoka Afrika Kusini na Kanada

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna matokeo ya vipimo vya vimelea vinavyofanywa sakafuni, mitaroni na mashineni yanavyoweza kutumiwa kupima maendeleo ya usafi katika viwanda vya chakula. Kwa kurejelea milipuko ya listeriosisi nchini Kanada (2008) na Afrika Kusini (2017–2018), makala yanabainisha kwamba kupungua kwa matokeo chanya si ushahidi tosha wa usafi, na kwamba sera inayoadhibu ugunduzi hudhoofisha utafutaji wenyewe.

1.0 Utangulizi

Kati ya Januari 2017 na Julai 2018, Afrika Kusini ilithibitisha wagonjwa 1,060 wa listeriosisi, na vifo 216 viliripotiwa miongoni mwao. Sehemu kubwa ya wagonjwa hao walikuwa watoto wachanga, ambao huambukizwa kutoka kwa mama zao. Kwa miezi mingi chanzo hakikujulikana, kwa kuwa muda kati ya kula chakula chenye bakteria na kuugua unaweza kufikia siku 70, na ni vigumu kwa mgonjwa kukumbuka alichokula muda wote huo.

Mwanzoni mwa 2018, watoto wa kituo kimoja cha malezi huko Soweto waliugua. Uchunguzi wa chakula chao, ikiwamo poloni, uliwaelekeza wataalamu kwenye kiwanda cha nyama za kusindika mjini Polokwane. Bakteria aitwaye Listeria monocytogenes alipatikana katika zaidi ya asilimia 30 ya sampuli za mazingira ya kiwanda, na angalau sampuli 16 zilikuwa na aina ya ST6, iliyohusika na mlipuko. Matokeo hayo yalitangazwa na Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, tarehe 4 Machi 2018. Kampuni mbili zilizotajwa katika uchunguzi huo zilikuwa zikiuza bidhaa zao katika nchi 15 za Afrika, zikiwamo Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Hapa ndipo linapozuka swali la msingi: kiwanda kinawezaje kujua, kabla mtu yeyote hajaugua, kwamba usafi wake unaimarika au unazorota?

2.0 Maficho ya Bakteria Kiwandani

Listeria hufa chakula kinapopikwa ipasavyo. Hatari kubwa hutokea baada ya hapo, wakati nyama iliyokwisha kupikwa inapokatwa vipande na kufungashwa, au jibini inapokomaa. Bakteria huyu huishi na kuongezeka hata katika baridi ya jokofu, huvumilia chumvi, na hujijengea utando unaomkinga dhidi ya dawa za kusafishia. Hujificha katika nyufa za sakafu, mitaro ya maji machafu, magurudumu ya mikokoteni, maungio ya mikanda ya kusafirishia chakula na matumbo ya mashine za kukatia.

Kwa hiyo, kupima bidhaa ya mwisho pekee hakutoshi. Uchafuzi hutokea kwa vipindi na kwa kiasi kidogo. Pakiti chache zilizopimwa zinaweza kuwa safi ilhali mashine iliyozikata ina maficho.

3.0 Uchukuaji wa Sampuli

Utaratibu uliozoeleka hukigawa kiwanda katika kanda nne. Kanda ya kwanza ni nyuso zinazogusa chakula. Ya pili ni sehemu zilizo jirani na nyuso hizo, kama vile fremu za mashine. Ya tatu ni sakafu, kuta na mitaro ya chumba hicho hicho. Ya nne ni maeneo ya nje ya uzalishaji, kama vile vyumba vya kubadilishia nguo na korido. Sponji yenye unyevu husuguliwa juu ya uso uliochaguliwa, kisha hupelekwa maabara. Viwanda vingi hutafuta jamii nzima ya Listeria, hata isiyosababisha maradhi, kwa kuwa palipo na hiyo pana mazingira yanayoifaa ile ya hatari.

Wakati wa kuchukua sampuli una uzito sawa na mahali. Sampuli inayochukuliwa mara tu baada ya kusafisha huonyesha kama uso umeoshwa. Inayochukuliwa saa kadhaa baada ya uzalishaji kuanza hufichua zaidi, kwa maana mtikisiko wa mashine huwa umekwisha kuyatoa mabaki yaliyojificha ndani.

4.0 Kuyasoma Matokeo

Chukua mfano wa kubuni. Kiwanda kinapata sampuli chanya 8 kati ya 100 mwezi Januari, na 2 kati ya 100 mwezi Juni. Kwa haraka, usafi umeimarika. Lakini ikiwa sampuli za Januari zilitoka mitaroni na kwenye maungio ya mashine wakati wa kazi, na za Juni zikatoka kwenye kuta zilizokwisha kuoshwa, kilichopungua ni bidii ya kutafuta. Ulinganisho una maana pale tu ambapo mahali, wakati na njia ya kupima havikubadilika, au mabadiliko yake yameandikwa.

Idadi ndogo ya sampuli nayo hupotosha. Sampuli 60 zikiwa hasi zote, hesabu ya takwimu katika kiwango cha uhakika cha asilimia 95 bado inaruhusu kiwango halisi cha uchafuzi kinachokaribia asilimia 5.

Kipimo chenye nguvu zaidi ni ujirudiaji. Aina tofauti za bakteria zikionekana mara moja na kutoweka, huenda zinaingia na malighafi au viatu. Dawa yake ni kuimarisha vizuizi vya kuingilia. Aina ile ile ikirejea mahali pale pale kwa miezi, hiyo ni dalili ya maficho, na kuosha kwa nguvu zaidi hakutasaidia hadi mashine ifunguliwe. Upimaji wa jenomu umerahisisha upambanuzi huo.

5.0 Funzo la Kanada

Mwaka 2008, nyama zilizokatwa katika kiwanda cha Maple Leaf Foods mjini Toronto zilisababisha mlipuko wa wagonjwa 57, na zaidi ya 20 walifariki. Uchunguzi huru ulioongozwa na Sheila Weatherill, uliochapishwa Julai 2009, ulionyesha kwamba kiwanda kilikuwa kikipima mazingira yake na kilikuwa kimekwisha kupata Listeria mara kadhaa katika 2007 na 2008. Kila mara kilisafisha, kikapima tena, na kiliposoma matokeo hasi kikaamini tatizo limekwisha. Matokeo hayakuunganishwa ili kuonyesha mwenendo wake, wala kampuni haikuwa na wajibu wa kuyapeleka kwa wakaguzi wa serikali. Baadaye mabaki ya nyama yalikutwa ndani kabisa ya mashine za kukatia, mahali ambapo usafishaji wa kawaida haukufika.

Kiwanda hicho kilikuwa na sampuli na maabara. Kilichokosekana ni usomaji wa matokeo kama mfululizo mmoja.

6.0 Athari kwa Sera na Hitimisho

Mwongozo wa Codex wa 2007 kuhusu Listeria katika vyakula vilivyo tayari kuliwa una kiambatisho cha ufuatiliaji wa mazingira, na Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 2073/2005 inawataka watengenezaji wa vyakula hivyo kupima maeneo na vifaa vyao. Mamlaka za kanda hii zina msingi wa kuanzia. Suala gumu ni namna ya kuyatendea matokeo.

Mkaguzi akiadhibu kila sampuli chanya, kiwanda kitajifunza kuchukua sampuli mahali pasipo na hatari. Mficha maradhi, wahenga walinena, kifo humuumbua. Katika chakula, kifo hicho humfika mlaji. Inafaa basi sheria itofautishe kupata na kupuuza. Sampuli chanya ya mtaroni iliyofuatiwa na upimaji wa maeneo yanayoizunguka, kufunguliwa kwa mashine na marekebisho yaliyoandikwa ihesabiwe kuwa kazi iliyofanyika. Ujirudiaji usioshughulikiwa, au bakteria kuonekana kwenye nyuso zinazogusa chakula huku bidhaa zikiendelea kutoka, ndivyo vistahili hatua kali.

Mkaguzi aombe rekodi za mwaka mzima zikiwa pamoja na ramani ya kiwanda, asiridhike na cheti cha siku moja. Kiwanda ambacho hakijawahi kupata sampuli chanya hata moja kiulizwe kinatafuta wapi, na saa ngapi.