Nyumba za Mikono Embu: Sanaa Iliyotoweka Bila Daftari

Sanaa ya jadi inapotajwa, fikra za wengi huelekea kwenye ngoma, vinyago na ushanga. Ni nadra nyumba kukumbukwa. Hata hivyo, katika eneo la Embu, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, nyumba ya miti, udongo na nyasi ilikuwa kazi ya sanaa iliyobeba alama ya aliyeijenga. Makala haya yanaeleza jinsi nyumba hizo zilivyotoweka na sababu ya kutoweka kwazo bila kilio.

Ujenzi wenyewe ulikuwa wa ushirika. Katika kitabu chake cha 1938, *Facing Mount Kenya*, Jomo Kenyatta alieleza jinsi Wakikuyu, jirani za Waembu, walivyosaidiana kujenga: wanaume wakishughulikia miti, wanawake wakileta nyasi za kuezekea. Hapakuwa na ramani ya karatasi. Mduara ulitegemea jicho la mjenzi, na ukuta uliokandikwa kwa viganja ulihifadhi alama za vidole. Hivyo, nyumba mbili hazikulingana kabisa, ingawa zote zilifuata desturi moja.

Mabadiliko yalikuja kwa mawimbi matatu. La kwanza lilikuwa la shuruti. Kuanzia 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwahamishia wakazi katika vijiji vilivyolindwa, na maboma mengi yakaachwa au yakateketezwa. Mwaka huohuo ulitolewa Mpango wa Swynnerton, uliohimiza kuunganishwa kwa vipande vya ardhi na kutolewa kwa hatimiliki. Familia nyingi zikaanza upya mahali papya. Wimbi la pili lilitokana na mapato ya kahawa, yaliyonunua mabati. Bati halikubali mviringo kwa urahisi, basi nyumba ikawa ya pembe nne. Wimbi la tatu lilikuwa la maji: mabwawa ya umeme ya Mto Tana, kuanzia Kindaruma (1968) hadi Masinga (1981) na Kiambere (1988). Bwawa la Kiambere lilifunika mashamba na makazi ya Wambeere.

Si haki kuwalaumu waliochagua bati. Paa la nyasi huvuja, hushika moto, na hudai kuezekwa tena na tena. Linalosikitisha ni kwamba nyumba ziliondoka bila kuchorwa wala kuelezwa.

Tofauti inaonekana katika jengo la African Heritage House, karibu na Nairobi, lililobuniwa na Mmarekani Alan Donovan kwa kuiga majengo ya udongo ya Afrika Magharibi. Mwaka wa 2015 lilitishiwa na njia ya reli mpya; mwaka wa 2016 likatangazwa rasmi kuwa turathi ya kitaifa. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inaruhusu hata jengo lisilo la kale kulindwa. Lakini jengo hilo lilikuwa na mwenyewe aliyejulikana na watetezi waliosikika. Nyumba ya mkulima wa Embu haikuwa na mtetezi wa aina hiyo.

Huenda ikasemwa kwamba maskani ya kielelezo, kama yale ya Bomas of Kenya, taasisi iliyoanzishwa mwaka wa 1971, yanatosha. Kielelezo huonyesha desturi ya jamii, lakini hakiwezi kuonyesha mkono wa mtu mmoja, makosa yake na maamuzi yake.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hasara hii ni ya lugha pia. Maneno kama *kombamoyo*, *fito*, *kiambaza* na *kukandika* huishi pale kazi inapofanywa. Kazi ikikoma, hubaki kamusini tu. Lugha za Kiembu na Kimbeere nazo zina istilahi zake, kama *thingira*, nyumba ya mwanamume. Wazee waliokandika kuta hizo wanazidi kupungua. Kuwahoji, kurekodi istilahi zao na kuchora nyumba zilizosalia ni kazi isiyohitaji fedha nyingi. Wahenga walionya: mali bila daftari huisha bila habari.