Chumba cha miezi miwili Migori na Homa Bay: usiuziwe mbuzi kwenye gunia

MGENI siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndivyo walivyosema wahenga, na bila shaka nawe msomaji umewahi kuutumia msemo huo kwa mtu aliyezidisha siku nyumbani kwako. Lakini je, umewahi kujiuliza huyo mgeni mwenyewe hujisikiaje asubuhi ya siku ya tatu?

Hebu fikiria. Mwanao anayesoma chuo mjini Mwanza amepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo ya wiki nane mjini Migori, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Au ni wewe mwenyewe, unakwenda Homa Bay kwa miezi miwili kutafuta soko la dagaa, ambao wenyeji wa huko huwaita omena. Ndugu huna. Rafiki aliyekukaribisha ana chumba kimoja na watoto watatu. Ukilala gesti kila siku, fedha zitakwisha kabla kazi haijaanza. Kinachobaki ni kupanga chumba, tena cha bei nafuu, katika nchi ambayo si yako.

Wapo wanaolifanya jambo hili kwa pupa. Kijana mmoja alipewa namba ya simu ya dalali, akaonyeshwa picha za chumba kizuri chenye vigae, akatuma kodi ya miezi miwili akiwa bado nyumbani. Alishuka Migori saa mbili usiku akiwa na begi na godoro. Chumba alikikuta, lakini ndani yake mlikuwa na baba, mama na mtoto waliokuwa wakila chakula cha jioni. Simu ya dalali haikupatikana tena. Usiku ule alilala sebuleni kwa watu wale wale, kwa huruma yao. Mgeni wa watu alibahatika, lakini je, mwanao naye atabahatika?

Kanuni ya kwanza, basi, ni hii: usilipe chumba ambacho hujakanyaga sakafu yake. Tenga fedha za kulala siku mbili au tatu kwenye nyumba ya wageni ya kawaida, kisha utafute chumba mchana kwa miguu yako mwenyewe. Gharama ya siku hizo ni ndogo kuliko ya kuibiwa.

Desturi ya kodi ni nyingine

Hapa kwetu Tanzania mpangaji amezoea kudaiwa kodi ya miezi sita, au hata ya mwaka mzima, kwa mkupuo. Ukivuka mpaka utashangaa. Kenya kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, kwa kawaida katika siku za mwanzo wa mwezi. Kwa mtu wa miezi miwili hiyo ni neema.

Lakini neema hiyo ina mwiba. Mwanzoni utadaiwa pia amana, ambayo wenyewe huiita dipoziti, na mara nyingi ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Fedha hiyo inapaswa kurudishwa unapohama, ikiwa hujaharibu kitu. Ugomvi mwingi huanzia hapo: siku ya kuondoka unaambiwa imeishia kwenye rangi ya ukuta na kitasa cha mlango. Kwa hiyo sema mapema, kabla hujatoa hata shilingi, kwamba utakaa miezi miwili tu. Uliza kama amana inaweza kuhesabiwa kuwa kodi ya mwezi wa mwisho. Mkikubaliana, yaandikwe.

Jifunze na lugha ya huko. Ploti ni uwanja wenye vyumba vingi vya kupanga, mara nyingi vinavyotumia choo na bomba kwa pamoja. Singo ni chumba kimoja kitupu. Bedsita ni chumba chenye choo na pa kupikia ndani, nacho bei yake hupanda. Keateka ndiye mwangalizi wa ploti, na mara nyingi ndiye ajuaye chumba gani kitaachwa wazi mwisho wa mwezi. Stima ni umeme. Ukiambiwa ni wa tokeni, jua ni kama Luku yetu. Na ukiona kibao kimeandikwa "hoteli", usikimbilie kuulizia kitanda. Huenda wanauza chai na chapati tu.

Migori si Homa Bay

Migori iko kwenye barabara kuu itokayo Isebania kwenda Kisii na Kisumu. Ni mji wa biashara na wa watu mchanganyiko, Wajaluo, Wakuria, Wakisii na wengineo, hivyo Kiswahili chako kitakupeleka mbali. Wakuria wako pande zote mbili za mpaka, na Kijaluo husemwa pia Rorya, kwa hiyo mtu wa mkoa wa Mara si mgeni kamili huko.

Ukitaka kwenda Homa Bay, unaiacha barabara kuu hapo Rongo. Mji uko kando ya Ziwa Victoria, kwenye ghuba ya Winam, na Kijaluo ndicho kitakachokupokea. Jifunze machache: "amosi" ni nakusalimu, "erokamano" ni asante. Mzee mwite "jaduong'". Mwenye nyumba akisikia mgeni amejitahidi, moyo hulainika, na bei nayo huenda ikalainika.

Rongo yenyewe usiipuuze. Pana chuo kikuu, na penye wanafunzi huwa pana vyumba vya bei ya wanafunzi. Wanapofunga chuo, huenda ukapata chumba cha muda mfupi.

Popote utakapopata, kichunguze chumba. Fungua bomba uone kama maji yanatoka, na uliza hutoka siku ngapi kwa wiki. Ukanda wote wa ziwa una malaria nyingi, hivyo tazama nyavu za madirisha na ubebe chandarua chako. Maji ya ziwa yachemshe kabla ya kunywa, wala usioge ziwani, kwani kichocho kipo. Kisha zungumza na mpangaji wa chumba cha pili wakati keateka hayupo. Huyo ndiye atakayekwambia ukweli kuhusu wezi, kelele na choo.

Hati zako ziwe safi

Usipite njia za panya. Pita kituo cha Sirari na Isebania ukiwa na pasipoti au hati ya dharura ya safari, ugongewe muhuri. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, raia wa nchi mwanachama anaweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Tazama siku ulizoandikiwa. Kumbuka pia kwamba sheria ya Kenya humtaka mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 ajiandikishe, na kwamba ruhusa ya kutembea si ruhusa ya kuajiriwa.

Mwenye nyumba mpe nakala ya hati, asili ibaki nawe. Lipa kwa simu kwa jina la mwenye nyumba mwenyewe ili tarehe na kiasi vibaki kumbukumbu, au dai risiti. Sheria ya kodi za nyumba ya Kenya, Sura ya 296, humlinda mpangaji wa nyumba ambayo kodi yake halali haizidi Sh2,500 za Kenya kwa mwezi, asifukuzwe bila idhini ya baraza la kodi. Chumba chako kikizidi hapo, ngao yako kubwa ni maandishi.

Nanyi wazazi, msimwachie kijana fedha na baraka tu. Mwambieni awapigie simu akiwa ndani ya chumba, si akiwa njiani. Awatumie jina la ploti, la mtaa na namba ya keateka. Na siku ya kwanza, kabla hata hajatandika kitanda, abishe hodi kwa jirani na kujitambulisha. Yule kijana wa Migori hakuokolewa na mkataba wala risiti. Aliokolewa na watu waliomfungulia mlango.